DiChiera hakuanza na jengo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu hayati David DiChiera, mwanzilishi wa kampuni ya opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa pamoja na orkestra) ya hapa Detroit, Marekani, nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kwa furaha, maana si kila siku gazeti la Kiswahili humpa mtu wa opera ukurasa mzima. Mara ya pili nilishika kalamu. Naishi katika jiji hili tangu 1998. Miaka kumi na tisa nimefua na kunyoosha mashuka ya hospitali zamu ya usiku, na kabla ya kuja huku nilikuwa mwalimu wa kwaya. Naomba nafasi niseme alichokiruka mwandishi wenu, na mambo mawili aliyoyakosea.

Kosa la kwanza ni dogo. Alimwita kondakta. Kondakta ni yule anayesimama mbele ya orkestra na kijiti chake. Mwongozaji wa jukwaa ni mwingine, ndiye anayewaonyesha waimbaji waingilie wapi, wapige magoti wapi, wafe wapi. DiChiera alikuwa mkurugenzi mkuu. Huyo ndiye anayeamua mapema, wakati mwingine miaka kadhaa kabla, ni opera zipi zitaimbwa. Anasaini mikataba ya waimbaji, anakaa mezani na vyama vya wanamuziki na vya mafundi wa jukwaa, na usiku halali kwa kuwaza fedha. Muziki aliujua vizuri: alisoma UCLA, chuo kikuu cha California kilichoko Los Angeles, hadi shahada ya uzamivu, na opera aliyoitunga mwenyewe, Cyrano, ilichezwa Detroit 2007. Lakini kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka arobaini ni hiyo ambayo hadhira haiioni. Mkurugenzi mkuu hutokea mbele ya pazia dakika mbili, anawashukuru wafadhili, anarudi nyuma, kisha makofi wanapigiwa wengine. Mtu wa namna hiyo akipata ukurasa mzima gazetini, basi angalau cheo chake kiandikwe sawasawa.

Kosa la pili ndilo lililonifanya niandike. Makala ilisema kwamba DiChiera alileta opera Detroit alipofungua nyumba ya opera mwaka 1996, na ikamalizia kwa kuwashauri wanaotaka kuanzisha vikundi vya muziki watafute jengo kwanza. Mhariri, maisha ya mtu huyu yanasema kinyume chake kabisa, na ushauri huo unaweza kuwaumiza watu. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

DiChiera alifika Michigan 1962, kijana wa miaka 27, mtoto wa wahamiaji wa Kiitalia, aliyezaliwa McKeesport, Pennsylvania, na kukulia Los Angeles. Alikuja kufundisha Oakland University, kaskazini mwa Detroit. Enzi hizo kampuni ya Metropolitan Opera ya New York ilikuwa inazuru Detroit kila mwaka. Inaimba siku chache, inafunga masanduku, inaondoka hadi mwaka unaofuata. Mwaka 1963 DiChiera alikabidhiwa mpango ulioitwa Overture to Opera, wa kuwaonjesha watu opera kabla ya wageni hao kufika. Walikuwa waimbaji wachache wakizunguka shule na kumbi za miji ya Michigan na vipande vya opera hii na ile.

Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake ya ukurugenzi, na alisoma miaka minane. Mtu anayezunguka hivyo anajua mambo ambayo aliyekaa ofisini hawezi kuyajua: mji upi unajaza ukumbi, wapi watu huanza kuondoka katikati, ni mwalimu gani mkuu atakupigia simu mwakani akuombe urudi. Kampuni yenyewe, Michigan Opera Theatre, ilizaliwa 1971, na kwa jinsi nielewavyo ilizaliwa ikiwa tayari na watu wake.

Na ilizaliwa wakati gani? Julai 1967 Detroit ilikuwa imewaka moto siku tano, watu 43 wakafa. Familia zilizokuwa na uwezo zikahamia vitongojini, maduka yakafuata. Jiji lililokuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950 lilikuwa linapungua kila sensa, hadi 2010 likabaki na watu 713,777. Katikati ya jiji hilo, mahali ambapo wengi walisema hawatakanyaga tena usiku, ndipo alipoweka opera. Aliingia Music Hall, ukumbi wa 1928. Baadaye kampuni ikaimbia Fisher Theatre na Masonic Temple. Miaka 25 walikuwa wapangaji. Aliyewahi kupanga anajua maana yake: tarehe si zako, mandhari ya jukwaa unayafunga na kuyafungua, unaomba ruhusa ya kila kitu.

Sasa niseme la kwangu. Kabla sijaja Marekani nilikuwa katika kamati ya kwaya, na kamati hiyo iliamua kujenga ukumbi kwanza. Nami niliunga mkono, tena kwa sauti kubwa. Fedha zote za kwaya, za kaseti tulizouza na za michango, ziliingia kwenye matofali. Ziara tulizisimamisha ili tusitumie nauli. Mazoezi yakawa mara moja kwa wiki badala ya tatu, kwa sababu wanaume walikuwa wakibeba mawe na wanawake maji. Ukumbi ulipopauliwa, baada ya miaka sita, sauti ya besi ilikuwa imebaki na watu wawili. Siku ya kufungua tuliimba nyimbo nne kwa sababu hatukuwa na ya tano tuliyoijua vizuri. Vijiji tulivyokuwa tunavizungukia vilikuwa vimeshazoea kwaya nyingine. Nililiona kosa letu siku ile ile, nimesimama mbele ya viti vipya na kati ya kila vitano kimoja ndicho chenye mtu, na limenikaa moyoni hadi leo. Ndiyo maana ushauri wa mwandishi wenu umenigusa hivi.

DiChiera aliweza kungoja. Wakati hana jengo aliuliza swali lingine: Detroit kuna nani? Eneo hili lina Waarmenia wengi, basi 1981 kampuni yake ikacheza Anoush, opera ya Kiarmenia ambayo watu walikuwa wakiijua kwa nyimbo za nyumbani. Waimbaji weusi aliwapa majukwaa makubwa mapema, wakati sehemu nyingi bado wanasitasita. Kathleen Battle, ambaye dunia ilikuja kumjua baadaye, aliimba hapa katikati ya miaka ya 1970. Na aliyekuwa mke wake, Karen VanderKloot DiChiera, aliijenga idara nzima ya kuipeleka opera kwa jamii: shule, makanisa, vituo vya wazee. Makala yenu haikumtaja mama huyu hata kwa mstari mmoja. Kwangu mimi yeye ndiye nusu ya habari, na nitasema sababu.

Mwaka 2001 binti yangu alikuwa darasa la tatu. Siku moja nimetoka zamu, mikono bado inanuka dawa ya kufulia, nimelala saa mbili tu, akarudi kutoka shuleni akaja moja kwa moja kitandani. Akaniambia geuka. Nikageuka. Akaweka kiganja chake chini ya mbavu zangu, upande wa mgongoni, akasema: "Vuta pumzi baba, nisikie." Nikavuta. Akasema hapana, mabega yako yamepanda, yule dada mabega yake hayakupanda, mgongo ndio ulifunguka kama mlango.

Waimbaji wawili na mpiga piano wa kampuni ya opera walikuwa wamefika shuleni kwao. Dada mmoja, bila kipaza sauti, aliimba hadi vioo vya madirisha vya bwalo vikatetema, kisha akawaita watoto mmoja mmoja waweke mkono mgongoni mwake waone sauti inatoka wapi. Mimi nilifundisha kwaya miaka kumi na moja kwa solfa ubaoni, na mara elfu nimewaambia watu wapumue kwa tumbo. Sijawahi kumwambia mtu aweke mkono wake mgongoni kwangu. Usingizi ulikatika. Tukakaa pale kitandani tunapumua wote wawili, yeye ananisahihisha.

Basi hivyo ndivyo opera ilivyoingia nyumbani kwangu, kupitia bwalo la shule. Jengo kubwa la opera, lililoko mtaa wa Broadway hapa Detroit, nilikuwa nalipita kila siku kwa basi miaka mitatu, sijui hata mlango wake uko upande gani, na sikuwahi kufikiri kwamba ni la watu kama mimi.

Jengo lenyewe nisilidharau, maana lina heshima yake. Lilifunguliwa 1922 kama jumba la sinema na maonyesho, Capitol, kazi ya mchoraji majengo C. Howard Crane. Lilibadilishwa majina mara kadhaa, likafungwa katikati ya miaka ya 1980, mvua ikaingia, plasta ikaanguka. DiChiera alilinunua mwishoni mwa miaka hiyo katika hali hiyo. Sehemu ya watazamaji ilikarabatiwa, lakini jukwaa la zamani lilikuwa dogo mno kwa opera, kwa hiyo sehemu yote ya nyuma ilijengwa upya. Luciano Pavarotti, mwimbaji maarufu wa opera kutoka Italia, alikuwa amemwahidi kwamba nyumba ikikamilika atakuja kuimba. Usiku wa ufunguzi, Aprili 1996, alikuja akaimba. Viti ni kama 2,700.

Fedha zilitoka wapi? Hapa ndipo kazi ya mkurugenzi ilipo, na ndipo makala ilipopita haraka. Katika opera tiketi hazilipi hata nusu ya gharama, kwa kawaida. Hesabu mwenyewe: orkestra kwenye shimo lake mbele ya jukwaa, kwaya, waimbaji wakuu, washona nguo, mafundi wa taa, maseremala, wote wanalipwa hata kama usiku huo viti vimejaa nusu. Marekani serikali haibebi mzigo huo kama inavyofanya Ujerumani. Kwa hiyo mkurugenzi anaomba. Anaomba kampuni za magari, anaomba wakfu za familia tajiri, anaomba mjane mmoja mwenye moyo, na kesho yake anaomba tena. Kuomba kwa niaba ya jambo zuri hakuna aibu, lakini kunachosha mwili na roho, na yeye alikufanya kwa miongo minne. Tena kwa muda mrefu aliziongoza kampuni tatu kwa pamoja: hii ya Detroit, ya Dayton kule Ohio, na Opera Pacific kule California, aliyoiasisi mwenyewe. Wengine walimwona anajitawanya. Mimi naona alijua kwamba kampuni ndogo zikishirikiana zinaweza kufanya jambo ambalo hakuna hata moja ingeliweza peke yake.

Hata hivyo jengo halikuja bure. Deni la benki liliibana kampuni miaka mingi, hadi karibu mwisho wa uongozi wake lilipopunguzwa kwa makubaliano. Watu wa hapa wanalikumbuka, na wanaosoma makala yenu wakidhani jengo ni mwisho wa shida wangepaswa kuambiwa. Kilichoiokoa kampuni kipindi hicho, kwa maoni yangu, ni kwamba kulikuwa na watu elfu nyingi waliokwisha kuihesabu kuwa yao kabla jengo halijakuwapo.

Niruhusu nieleze usiku mmoja, Mei 2005. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Ndiye aliyeleta karatasi ya matangazo na kuibandika kwenye jokofu: Margaret Garner, opera mpya, inachezwa kwa mara ya kwanza duniani, hapa hapa Detroit. Muziki wa Richard Danielpour, maneno ya mwandishi wa riwaya Toni Morrison. Ilikuwa imeagizwa kwa ushirika na kampuni tatu, Detroit, Cincinnati na Philadelphia. Nilibadilishana zamu na mwenzangu, tukanunua viti vya juu kabisa.

Kisa chake ni cha kweli. Januari 1856 Margaret Garner, mtumwa wa Kentucky, alivuka mto Ohio ulioganda barafu pamoja na mumewe na watoto, wakafika Cincinnati, upande usio na utumwa. Walipozingirwa na wawindaji wa watumwa, alimuua binti yake mdogo kwa kisu ili asirudishwe utumwani. Katika opera anashtakiwa kwa kuharibu mali ya bwana wake. Mali hiyo ni uzao wake mwenyewe. Denyce Graves ndiye aliyeimba nafasi ya Margaret. Kwaya zilikuwa mbili, ya watumwa na ya mabwana.

Mwalimu wa kwaya husikiliza kwaya kabla ya kitu kingine chochote. Ile ya watumwa ilipoimba, nilikuwa natafuta mahali wanapovuta pumzi. Sikupapata. Walikuwa wakipumua kwa zamu, mmoja anaacha kidogo, mwenzake anabeba, sauti haikatiki, kama kamba inayosokotwa. Nilimtazama binti yangu. Alikuwa ameweka kiganja chake mgongoni mwake mwenyewe, mkono umepinda nyuma, macho yako jukwaani. Upande wangu wa pili alikaa mama mtu mzima, mweusi, kavaa kofia ya kanisani. Margaret alipoinua kisu mama huyo alinishika mkono, mimi mtu asiyenijua, na hakuuachia hadi taa zilipowashwa. Kisha akaniambia kwamba mara yake ya kwanza kusikia opera ilikuwa ukumbini mwa kanisa lao, zamani, walipokuja waimbaji na piano.

Mhariri, sikumuuliza mwaka. Natamani ningemuuliza.

Fikiria mkurugenzi wa jiji ambalo wakati ule zaidi ya watu wanane kati ya kumi walikuwa weusi. Angeweza kujaza nyumba yake kwa opera za Verdi na Puccini, watunzi wa Kiitalia wanaopendwa kila mahali, peke yake, na asingelaumiwa sana. Akaamua kutumia fedha ngumu kuagiza opera mpya juu ya mama mtumwa. Opera mpya ni hatari kwa kampuni yoyote, hakuna anayejua kama watu watakuja. Watu walikuja. Mimi nilikuwepo, na pale juu hapakuwa na kiti kitupu nilichokiona.

DiChiera aliachia ukurugenzi mkuu 2014, mwaka mmoja baada ya jiji lenyewe kutangaza kufilisika, akamkabidhi Wayne Brown. Alibaki kama mkurugenzi wa sanaa hadi 2017. Alifariki Septemba 2018, akiwa na miaka 83. Kampuni leo inaitwa Detroit Opera.

Jambo moja zaidi, kwa sababu mwandishi wenu alisema kwamba baada yake nyumba ndiyo iliyobaki. Oktoba 2020, wakati wa korona, nyumba hiyo ilikuwa imefungwa. Kampuni, chini ya mkurugenzi mpya wa sanaa Yuval Sharon, ilitoa opera ya Wagner, mtunzi wa Kijerumani, iliyofupishwa, ndani ya jengo la maegesho la jirani. Watazamaji walikaa ndani ya magari yao, wakapanda ghorofa moja hadi nyingine, na katika kila ghorofa kulikuwa na waimbaji na wanamuziki wachache, sauti ikiingia kwenye redio ya gari. Kampuni isiyokuwa na ukumbi ilijua la kufanya, maana ndivyo ilivyoanza.

Binti yangu sasa ni mwalimu wa muziki katika shule ya msingi, mji mwingine. Hana ukumbi. Ana piano moja iliyolegea nyuzi na watoto 26.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Msahihishe cheo chake: mkurugenzi mkuu. Na pale palipoandikwa kwamba alileta opera kwa watu wa Detroit mwaka 1996, muandike 1963.

Mwalimu wa kwaya mstaafu,
Detroit, Michigan